Pikapu Nzito ya Petroli na Mchanga wa Kitui

Mbuzi wale hawakuwa wetu. Walikuwa 16, na kila mmoja alikuwa na mwenyewe mjini Mombasa aliyekwisha kutoa fedha zake kwa nia ya kuchinja Idi. Sisi tulikuwa mawakala tu, tuliopewa amana ya kwenda kuwachagua, kuwanunua na kuwafikisha salama. Siku nne kabla ya Idi, saa sita mchana, pikapu yetu ndogo ilizama katika mchanga wa kijito kikavu kusini mwa Kitui, na haikutoka hapo mpaka baada ya Isha. Mbuzi 3 walikufa kwa kubanana.

Sisi ni watu wa nyumba moja: mama yetu, sisi mabinti wawili, na kaka yetu ambaye ndiye dereva. Biashara yetu ni ndogo. Msimu wa maembe, kuanzia Desemba hadi Machi, tunanunua Makueni. Ndengu tunazifuata Kitui baada ya mavuno. Na kila mwaka, Idi ya kuchinja inapokaribia, jamaa na majirani hutuagiza mbuzi. Fedha za wale watatu tulizirudisha zote, na mama akauza bangili zake mbili ili tuzitimize. Hatusemi haya kwa kutaka kuhurumiwa. Tumeyatanguliza ili wasomaji wetu wafahamu kwa nini nyumba ya watu wasiopenda makubwa ilikaa miezi mitano ikijadiliana juu ya gari.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Pikapu ile ilitengenezwa kubeba nusu tani. Mbuzi mzuri wa Kitui ana uzito wa kilo 35 hivi, basi 16 ni kilo 560, bado hujamhesabu dereva, utingo, na magunia ya majani ya njiani. Tulikuwa tumezidisha, na tulikuwa tukizidisha kila mwaka, kwa kuwa barabara ya lami husamehe mengi. Mchanga hausamehi. Gari lile huvutwa na magurudumu ya mbele, na mzigo wote huwa nyuma. Likipanda ukingo wa mto, uzito hulalia nyuma, pua hunyanyuka, na magurudumu yanayopaswa kuvuta hubaki yakichezea juu ya mchanga. Kadiri kaka alivyokanyaga mafuta, ndivyo lilivyojichimbia.

Asiyewahi kufika huko huenda akashangaa mto usio na maji unawezaje kuwa kikwazo. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka majuma machache tu kwa mwaka, kisha hubaki njia pana ya mchanga mwekundu, na maji yakijificha chini yake. Ndiyo maana watu wa huko hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaokingama mto, mchanga ukajaa nyuma yake na kuhifadhi maji mpaka kiangazi. Na ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015, kwani malori ya wajenzi yalikuwa yakiukomba mito ikabaki mawe matupu. Mchanga ule kwao ni birika la maji. Kwetu sisi tuliokuja na gari lisilofaa, ulikuwa mtego.

Barabara kubwa si tatizo tena. Kutoka Mombasa mpaka Kibwezi ni lami ya siku zote, na ile njia ya Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, iliyokuwa vumbi na makorongo, imetiwa lami miaka ya karibuni. Lakini mbuzi hawafugwi kando ya lami. Mama mmoja wa Mutomo, ambaye sisi humwita Mwaitu kama wanavyomwita wanawe, ana mifugo bora kuliko yote tuliyopata kununua, na boma lake liko ng'ambo ya vijito viwili. Safari nzima ya kwenda na kurudi hupita kilomita 700, na zinazoamua ununue gari gani ni zile 10 za mwisho.

Shauri la kwanza lilitoka Maskati. Ami yetu aliposikia yaliyotupata alitutumia picha ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, pikapu ya mlango mmoja kila upande, injini ya petroli ya lita 4 na silinda 6, ya namna ambayo Oman na nchi zote za Ghuba zimejaa. Alikuwa tayari kutupa kwa bei ya jamaa. Furaha ile ilidumu usiku mmoja. Magari ya Oman yana usukani upande wa kushoto, na sheria za Kenya haziruhusu gari la kawaida la namna hiyo kuingizwa nchini. Lile lilikuwa pia limepita miaka 8 tangu kusajiliwa, nao ni ukomo mwingine wa magari yaliyotumika yanayoingizwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tunazijua nyumba mbili za jirani zilizolipa nauli ya meli kabla ya kuuliza.

Lakini picha ile ilikuwa imekwisha kutufungua macho. Kaka yetu alitaka tununue pikapu ndogo nyingine, mpya zaidi, tupunguze mzigo, basi. "Mama," alisema, "gari kama lile litakula mafuta hata utamu wa biashara uishe." Mama akamjibu, "Mwanangu, mwaka huu tumekula mbuzi wa watu. Mafuta ni yetu."

Hata hivyo hakumpuuza. Alituketisha na karatasi, na hesabu ile bado tunayo. Pikapu ndogo huenda kilomita 13 kwa lita, basi safari ya kilomita 700 huhitaji lita 54 hivi. Land Cruiser ya petroli haizidi kilomita 6 na nusu kwa lita ikiwa na mzigo, yaani lita 108. Ni mara mbili kamili. Ndogo hubeba magunia 5 ya ndengu ya kilo 90, nzito hubeba 10. Kwa hiyo kila gunia, kwa gari hili au lile, hutumia takriban lita 11, na tofauti haipo. Kwa mbuzi mambo hubadilika. Karai ya Land Cruiser haipanuki kwa sababu injini ni kubwa, na ukitaka wanyama wasimame bila kukanyagana usipakie zaidi ya 22. Hapo kila mbuzi hutumia karibu lita 5, na katika pikapu ndogo yenye mbuzi 14 ni lita 4 tu. Ukirudi na nusu ya mzigo, gari nzito ni hasara iliyo wazi. Kaka alikuwa na haki katika sehemu kubwa ya maneno yake, nasi tunakiri.

Wengi wametuuliza kwa nini si dizeli, maana kila mtu Kenya anaijua Land Cruiser ya dizeli ya lita 4.2, nayo hunywa kidogo kuliko ya petroli. Jibu la kwanza ni bei. Yeyote mwenye ya dizeli iliyotunzwa anajua thamani yake, na kila tuliyoiona ilizidi uwezo wetu. Ya petroli watu huikimbia kwa kuogopa kituo cha mafuta, na kwa hiyo hushuka bei. Jibu la pili tulilipata kwa Mwaitu. Alituuliza tukiishiwa mafuta kule kwao tutanunua nini. Katika kila kituo cha soko la kijijini kuna bodaboda, na palipo na bodaboda pana petroli, walau katika chupa juu ya meza. Dizeli hufuatwa mjini. Ni kweli petroli ya chupa si ya kuaminiwa, nasi huichuja kwa kitambaa kabla ya kuimimina, lakini dizeli nayo ina historia yake. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, hasa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli kwa kuwa yalikuwa nafuu.

Gari tulilolipata mwishowe lilikuwa limetumiwa na shirika moja, usukani upande wa kulia, injini ileile ya petroli aliyotuonyesha ami. Fedha zetu pamoja na bei ya ile pikapu ndogo hazikutosha. Mkopo wa riba haukuzungumzwa kabisa, nasi tulikwenda kwa njia ya murabaha. Tangu mwaka 2008 Kenya ina mabenki yanayoendeshwa kwa sharia peke yake, na mengine ya kawaida yana dirisha la namna hiyo. Benki hulinunua gari kwanza likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, ulipe kidogo kidogo. Hatuwezi kusema ni rahisi kuliko kwingineko. Faida ya benki ni fedha nyingi. Wema wake ni kwamba bei imekwisha kutajwa, haikui ukichelewa. Kwa biashara ya msimu kama yetu hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa kila mwaka ipo miezi ambayo huwa hatuna maembe wala mbuzi.

Mara ya kwanza kurudi kwa Mwaitu tulisimama kabla ya mto. Kaka alishuka akafunga vitovu vya magurudumu ya mbele ili yote manne yavute, akapunguza upepo wa matairi mpaka nusu, yakalala mapana kama unyayo wa ngamia, kisha akaingia kwa gia ya chini bila haraka. Gari lilivuka na magunia 10 mgongoni, bila kelele, wala hatukuwa na la kusimulia ng'ambo. Dada yetu mdogo alikuwa ameshika simu tayari kupiga picha za mkasa, akairudisha mkobani. Pampu ya kujazia upepo tulikuwa nayo, la sivyo tungefika kwenye lami na matairi laini, na hiyo ni hatari nyingine.

Upande wa Makueni, kwa kweli, gari nzito hatulihitaji sana. Njia za Wote na Kathonzweni zinapitika, na huko Probox hubeba kila kitu, maembe, saruji, wanafunzi, na pengine vyote kwa pamoja. Tulipokwenda kuchukua ngowe mwezi Januari, petroli ilitumaliza faida ya siku nzima. Embe la ngowe, lisilo geni kwetu watu wa pwani, lilituchekesha na kutuumiza: kulitoa Makueni kulirudisha Mombasa kwa injini ya silinda 6! Sasa maembe tunayapakia katika lori la wenzetu kwa kulipia nafasi, na gari letu hukaa nyumbani.

Liko jambo ambalo gari nzito lilitaka kutuharibia. Mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha Kitui, tulifika kwenye kijito kilekile kikiwa na maji mekundu yaendayo kasi, si marefu kwa kuyatazama. Kaka, aliyekwisha kuamini nguvu za gari, alisema tunapita. Mama hakuwa nasi safari ile, tukampigia simu. Alimwuliza kaka kama ameisahau Desemba ya 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliposombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, katika kaunti hiyohiyo, wakafa watu zaidi ya 30. Basi ni zito kuliko pikapu yoyote. Tulilala upande wa huku, kwa jamaa za Mwaitu waliotukaribisha kwa uji wa mtama, na asubuhi mchanga ulikuwa umeshaonekana tena.

Idi iliyofuata tulipata maagizo ya mbuzi 31, tukakubali 22 na wengine tukawaelekeza kwa wachuuzi tunaowaamini. Wote 22 walishushwa Mombasa wakiwa wima. Mama alitaka nyumba tatu zianze kabla ya nyingine zote, ingawa mbili kati yao ziko mwisho kabisa wa njia yetu, na kaka akalipeleka gari huko kwanza bila kutaja petroli.