Je, Wajua? Damu Irudipo, Mshipa Huumia

Je, wajua kwamba mshipa huumia mara mbili? Kwanza damu inapokwama, halafu inapoachiwa. Kuumia huko kwa pili ni kama msongamano wa daraja la Mtwapa, Pwani ya Kenya: magari yakisimama hakuna anayegongana, lakini njia ikifunguka tu kila dereva ataka kutangulia, ndipo vioo vya pembeni huvunjika.

Mkosaji ni oksijeni. Seli zilizoikosa zikiipata ghafla hutoa kemikali kali zinazochubua ukuta wa mshipa. Ukuta huo hunata, chembe nyeupe za damu zikajibandika, uvimbe ukazidi.

Je, wajua ni nani hupatwa na haya tena na tena? Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe zake nyekundu hujipinda na kukakamaa, huziba vijimshipa, damu ikapenya, zikaziba tena. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapunguzia oksijeni panya wenye selimundu, kisha wakawarudishia. Chembe nyeupe zilinata mishipani baada ya kurudishiwa. Panya wasio na selimundu hawakudhurika hivyo.

Kwa mtoto mdogo mwenye selimundu, mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvimba mikono na miguu: mgongo wa kiganja umevimba, umejaa, ukiugusa tu analia. Wengi hudhani ameanguka.

Je, wajua kwa nini selimundu imeenea Pwani? Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana wa Oxford aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo. Waliobeba selimundu walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Biashara yenye bei ghali kwa anayeirithi kwa wote wawili.

Jeraha hili la damu kurudi huwapata pia wagonjwa wa moyo. Kwao, kuubana na kuuachia mkono kwa mpira wa kupimia presha kabla ya kuzibua mshipa kulitiwa matumaini makubwa. Jaribio la watu zaidi ya 5,000 likaonyesha, mwaka 2019, kwamba hakusaidii.

Kwa selimundu, haidroksiurea ndiyo iliyofaulu, dawa iliyotengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1869! Watoto 606 wenye selimundu wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda waliimeza. Matokeo ya Desemba 2018: vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa takriban nusu, vifo vikashuka hadi chini ya theluthi moja ya vya awali. Humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara, maana dawa ikizidi hushusha chembe nyeupe kupita kiasi.