Kusini au Kaskazini: Galaksi Mbili Zenye Rekodi Juu ya Nkoma

Nkoma, wilayani Itilima mkoani Simiyu, iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na faida yake huonekana usiku. Galaksi mbili zenye umbo la lenzi, Fornax A upande wa kusini na NGC 1277 upande wa kaskazini, hufika mahali pake pa juu kabisa angani zikipishana dakika 3 hivi. Ya kwanza husimama karibu nyuzi 56 juu ya upeo wa kusini, ya pili nyuzi 45 juu ya upeo wa kaskazini. Aliyeko London ya kwanza huiona ikichungulia tu kwenye upeo, basi. Usukumani mashindano ya namna hii yanajulikana: makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mimi nimeshahamia kusini.

Galaksi za aina hii zina sahani ya nyota kama Njia Nyeupe yetu, ila hazina mikono iliyojipinda, na nyingi ni za kizee na kimya. Fornax A ni kizee mtukutu. James Dunlop aliiona kwanza mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 60 hivi, ukingoni mwa kundi la galaksi la Fornax, na hakuna galaksi katika kundi hilo inayoizidi mng'ao. Mwaka 1980 François Schweizer alionyesha kuwa imekwisha kumeza galaksi nyingine: vumbi limetapakaa katikati, na mikia ya nyota inaning'inia pembeni. Hata sasa ina jirani mdogo, NGC 1317, ambaye mimi ningekuwa yeye nisingelala.

Kwa mawimbi ya redio ya megahezi 1400, ni miongoni mwa vyanzo vyenye nguvu zaidi katika anga lote nje ya Njia Nyeupe yetu. Shimo jeusi lililo katikati yake, lenye uzito wa Majua zaidi ya milioni 100, lilitema mawingu mawili ya chembe, moja kila upande, na kutoka ncha hadi ncha ni zaidi ya miaka ya nuru milioni moja. Njia Nyeupe ingeingia humo mara kumi na kubaki na nafasi. Antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT, huko Karoo, Afrika Kusini, zimeyapiga picha mawingu hayo kwa undani wa kupendeza.

Kinachonivutia zaidi ni supanova, yaani milipuko ya nyota. Nne za aina Ia zimeonekana humo: 1980N, 1981D, 2006dd na 2006mr. Tazama miaka: zilikuja mbili mbili, kila jozi ndani ya miezi michache. Watafiti waliozichambua waliandika mwaka 2010 kuwa hakuna galaksi iliyojulikana kuizidi kwa aina hiyo. Rekodi hii naiamini kwa sababu ni ya kuhesabu: nyota imelipuka, watu wameiona.

Kaskazini mambo ni ya kukadiria. Mwaka 2012 shimo jeusi la NGC 1277, katika kundi la Perseus, lilitangazwa kuwa na uzito wa Majua bilioni 17, asilimia 14 ya galaksi nzima, na magazeti yakalitawaza. Vipimo vilivyofuata vikashuka hadi bilioni 5, na kingine hadi bilioni 1.2. Taji lilivuliwa kimyakimya. Hata hivyo galaksi hiyo haikutoka mikono mitupu. Karibu nyota zake zote zilizaliwa zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, kisha uzazi ukakoma. Tena mwaka 2023 Sébastien Comerón na wenzake, katika visiwa vya Canary, waligundua kuwa katika eneo walilopima maada nyeusi haizidi asilimia 5 ya uzito, mahali ambapo nadharia ilidai walau 10. Hilo kwangu ni kubwa kuliko shimo lolote.

Jirani wa NGC 1277, aitwaye NGC 1275, ana sifa ya uimbaji. Mwaka 2003 ilitangazwa kuwa darubini ya Chandra imeona mawimbi ya sauti katika gesi inayomzunguka, oktava 57 chini ya noti ya katikati ya kinanda.

Mwishoni mwa Desemba, mawingu ya mvua yakiruhusu, Fornax A na NGC 1277 zinafika kilele chake juu ya Nkoma mnamo saa tatu na nusu usiku. Fornax A huonekana kwa darubini ya inchi 3. NGC 1277 inataka ya inchi 10 au zaidi, na subira.