DARASA LA UANDISHI LISILO NA ADA

Wiki iliyopita nilikuwa Mbinga mjini. Pale stendi kijana mmoja alinifuata akiwa na daftari mkononi. Anaandika hadithi za wavuvi wa Mbamba Bay, kwao mama yake. Akanionyesha ujumbe katika simu: mtu asiyemfahamu anamtaka atume shilingi 80,000 ili aingizwe katika darasa la uandishi mtandaoni. Fedha hizo alizipata kwa kuchuma kahawa za watu. "Shikamoo mzee," akaniambia, "nitume au nisitume?"

Nilimjibu asitume kwanza. Si kila anayetoza ada ni tapeli, maana mwalimu naye anakula. Lakini sehemu kubwa ya anachouziwa ipo bure, na si busara kununua maji ukiwa ukingoni mwa ziwa.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kina tovuti iitwayo OpenLearn, na humo mna kozi fupi ya kuanza kuandika hadithi, hasa namna ya kumjenga mhusika. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na ya uandishi yamo. Tatizo ni kwamba yote hayo ni ya Kiingereza.

Kwa Kiswahili, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule. Usividharau. Kitabu cha Kiswahili cha sekondari kinafundisha fasihi na utungaji hatua kwa hatua. Anayependa kuwaandikia watoto aitafute tovuti ya African Storybook. Ina hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, na unaweza kutunga yako humo humo.

Hata masharti ya mashindano ni mwalimu. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, bila kiingilio, zenye maneno kati ya 2,000 na 5,000. Mipaka hiyo peke yake inakufundisha kupunguza porojo. Hapa nyumbani tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023.

Sasa tahadhari. Kozi ya bure haihitaji namba yako ya siri, wala haikudai "ada ya usajili" usiku wa manane. Nyingine husomwa bure lakini cheti hulipiwa. Achana na cheti, chukua elimu. Tena bando ni fedha: ukifika penye mtandao mzuri pakua somo moja, zima data, kasome nyumbani.

Wenyeji wa Mbinga watanielewa nikisema kwamba masomo hayo ni mvua. Mvua katika mteremko hukimbilia bondeni pamoja na udongo, ndiyo maana Wamatengo huchimba ngoro, vile vishimo vinavyozuia maji shambani. Kwa mwandishi, ngoro ni daftari. Asiyeandika ukurasa mmoja baada ya kila somo ataacha yote yatiririke.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mtandao hautoi kwa urahisi, nacho ni msomaji wa kukuambia kweli. Mtafute mwalimu wa Kiswahili aliye jirani, au wenzako wawili mnaosomeana kila Jumapili. Mimi nilisoma daftari la yule kijana palepale stendi. Kurasa mbili zilisifu uzuri wa ziwa. Katika ukurasa wa tatu ndipo mvuvi anaamka na kukuta mtumbwi wake haupo. Nikamwambia, "Anzia hapa."

Alicheka, akatoa kalamu, akazipiga mstari zile kurasa mbili. Shilingi 80,000 zake zilibaki mfukoni.