Fahamu: Fidia ya bwawa la Thwake
Bwawa la Thwake, mpakani mwa kaunti za Makueni na Kitui, linajengwa karibu na pale Mto Thwake unapoingia Mto Athi. Ujenzi ulizinduliwa 2018, na familia zikahama kupisha maji.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya kinataka fidia ya haki, tena bila kuchelewa. Mthamini huhesabu miembe na kupima nyumba. Jirani anayekuchungia mbuzi ukisafiri, je, hana bei?

Kwingine, majirani walihamishwa pamoja: huko Olkaria, kampuni ya umeme ya KenGen ilipowahamisha Wamaasai 2014 kwa mradi wa umeme wa mvuke, iliwajengea kijiji kizima, RAPland. Malalamiko hata hivyo yalifika Benki ya Dunia. Huku Thwake ni fidia ya pesa, na waliolipwa wakienda kutafuta shamba kwa mpigo, bei hupanda.