Bustani Chini ya Mwembe

Katika shule nyingi za Ushetu, mkoani Shinyanga, upo mwembe mkubwa uwanjani. Chini yake wanafunzi hupumzika, na pengine hujifunza. Tazama vizuri ardhi iliyo chini ya mwembe kama huo. Mara nyingi utaikuta tupu na ngumu, nayo imefagiliwa hata halionekani jani moja. Watu wengi huona kwamba huo ndio usafi. Lakini mvua za kwanza zinyeshapo, maji hutiririka juu ya ardhi hiyo na kuuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Baada ya miaka kadhaa mizizi ya mwembe huanza kuonekana.

Mimea ikipandwa kuuzunguka mwembe, udongo hushikwa na uwanja hupendeza. Je, tupande mimea gani, na tuipande upande upi? Ukikosea, utabeba ndoo za maji kiangazi chote, na mimea itakufa vilevile. Kwa hiyo, kabla ya kushika jembe, jifunze kwanza habari za kivuli.

Kivuli chenye unyevu na kivuli kikavu

Unafahamu kwamba majani ya kijani hutengeneza chakula cha mmea kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Mahindi, karanga na alizeti huhitaji mwanga mwingi. Zikipandwa kivulini hurefuka, mashina huwa membamba, majani hupauka, na mavuno huwa haba. Mimea mingine huweza kuishi kwa mwanga mdogo. Mingi ya mimea hiyo ina majani mapana, ambayo hukusanya mwanga mdogo upatikanao.

Hata hivyo mwembe hauzuii mwanga tu. Majani yake mengi huzuia mvua ndogo isifike chini, na mizizi yake hunyonya maji ya udongo. Tena mwembe haubaki mtupu wakati wa kiangazi kama mninga upukutishavyo majani yake. Kivuli chake hudumu mwaka mzima, nacho ni kikavu.

Jambo hili lina maana kubwa. Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, huota ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Wendland, alilieleza mwaka 1893. Leo hupandwa katika vyungu ndani ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, kwa kuwa huvumilia mwanga mdogo. Lakini ukilipanda chini ya mwembe wa Ushetu litakauka, kwani kwao ni misitu na miamba yenye unyevu. Halikosi kivuli hapa, linakosa maji.

Kivuli huhama

Fanya jaribio hili. Simamisha wima fimbo yenye urefu wa mita 1 mahali palipo wazi. Karibu na saa 7 mchana, kivuli chake kiwapo kifupi kuliko wakati mwingine wa siku hiyo, weka kigingi kwenye ncha ya kivuli. Rudia jaribio kila mwezi, mahali palepale. (Usishangae kwamba si saa 6 kamili. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45, ambao upo mashariki mwa Tanzania. Kwa hiyo jua huchelewa kufika juu yetu.)

Ushetu ipo karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena katika nusu ya kwanza ya Machi, jua la adhuhuri hupita utosini, na fimbo haina kivuli cha kupimwa. Mwezi Juni jua lipo upande wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini, urefu wake kama sentimita 50. Mwezi Desemba jua lipo upande wa kusini, na kivuli huangukia kaskazini, kama sentimita 35.

Sasa rudi kwenye mwembe. Tuseme matawi yake ya pembeni yapo mita 2 kutoka ardhini. Mwezi Juni, jua la adhuhuri huingia chini ya matawi kwa upande wa kaskazini, karibu mita 1 kwenda ndani. Mwezi Desemba huingia kwa upande wa kusini, kama sentimita 70. Fikiria majira yetu: Juni ni kiangazi, na Desemba ni masika. Basi ukingo wa kusini hupata jua pamoja na mvua, lakini ukingo wa kaskazini hupata jua wakati udongo umekauka. Mwembe ni mmoja, lakini pande hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kupanga ukanda

Chora duara kwa kufuata ncha za matawi, kisha pima ukanda wa mita 1 kuelekea ndani. Acha njia mbili za kupita, kwa maana wanafunzi watapita tu, hata ukikataza.

Upande wa kusini panda manjano au tangawizi. Vipande vyenye macho hupandwa mvua ikishalowesha udongo, kina cha sentimita 5, na nafasi ya sentimita 30. Kiangazi kifikapo majani hukauka, lakini sehemu iliyo ardhini hubaki hai, imelala, ikingoja mvua. Haihitaji ndoo yako hata moja.

Upande wa kaskazini panda mshubiri, ambao huweka maji katika majani yake mazito. Upande wa magharibi hupigwa na jua kali la alasiri. Hapo pia panda mimea migumu. Ipo mmoja wenye majani marefu yasimamayo kama sime, yenye milia ya kijani na kijivu, uotao wenyewe vichakani. Upande wa mashariki hupata jua pole la asubuhi, na unaweza kuendeleza tangawizi huko. Usipande magimbi, isipokuwa karibu na mahali pa kunawia mikono, ambapo maji humwagika kila siku.

Ndani ya ukanda huo, kuelekea shina, usilime, maana utakata mizizi ya mwembe. Yaache majani yaangukayo yawe matandazo; huzuia matone ya mvua yasiupige udongo. Yasogeze mbali kidogo na shina, ili gome lisioze wala lisiliwe na mchwa.

Maswali

1. Kwa nini manjano yapandwe upande wa kusini wa mwembe, na si upande wa kaskazini?

2. Ukingo wa kusini una urefu wa mita 6. Ukipanda mistari miwili ya tangawizi, utahitaji karibu vipande vingapi?

3. Pima ukanda wa kivuli cha ukuta wa darasa lako leo saa 7 mchana. Je, mwezi Desemba kivuli hicho kitakuwa upande gani?