Kompyuta hujifunza Kiswahili tunachokiandika

Mnamo 1913, mwanahisabati Mrusi Andrey Markov alichukua herufi 20,000 za Evgeny Onegin, utungo mrefu wa Pushkin, akahesabu irabu na konsonanti. Alipata irabu 8,638. Kisha akajiuliza: baada ya irabu, je, hufuata irabu nyingine? Ilitokea takriban mara 13 katika kila 100. Baada ya konsonanti, irabu ilifuata takriban mara 66. Hesabu hiyo ilitosha kukisia kama herufi ijayo ni irabu au konsonanti bila kujua maana ya neno hata moja.

Programu za leo zinazotunga sentensi ni changamano zaidi, ila msingi ni ule ule: kukisia kijacho kutokana na matini zilizosomwa.

Sasa basi, sarufi yetu hudai upatanisho: kitu kimepotea, vitu vimepotea. Lakini mitandaoni ni wangapi wetu huandika "kitu imepotea"? Mashine haina mwalimu wa ngeli kichwani. Huelekea kuiga kilicho kingi. Kosa likizidi, litageuka kanuni, na mwanafunzi atakayeiuliza ataambiwa eti ndivyo.

Sisemi lugha ya mitaani ifutwe. Ina mahali pake. Nasema walimu, wahariri na waandishi tuandike matini sanifu kwa wingi, tena tuziweke pale zinapoweza kusomwa na wote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mashine vivyo hivyo.