Gunzi Mdomoni

Bibi mmoja wa Muyinga ananiuliza: mjukuu wake wa miezi 8 hapitwi na kitu. Kiatu, mwiko, ncha ya mkeka, vyote vinaishia mdomoni. Amchape kidogo mkononi, au amwache? Mwache, bibi. Kiatu tu mnyang'anye.

Habari za meno kuota naziruka, maana kila shangazi anazijua. Mimi raha yangu ni ramani.

Mwaka 1937, kule Montreal, daktari wa upasuaji Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha ramani ya mwili jinsi ulivyogawiwa juu ya ubongo. Wagonjwa wao walikuwa macho: daktari anagusa ubongo kwa umeme mdogo, mgonjwa anasema kahisi wapi. Midomo na ulimi vimejitwalia eneo kubwa ajabu, na mgongo mzima umeachiwa kipande.

Chukua Hifadhi ya Ruvubu na soko la Gitega. Hifadhi ndiyo kubwa kuliko zote Burundi, lakini nyati akikohoa humo, nani atakwambia yuko chini ya mti upi? Sokoni yai likidondoka, wanawake watatu wanajua limedondoka kwenye meza ya nani, na wa nne anajua bei yake. Ukifungua ofisi ya kupokea habari, madawati mengi utayaweka kwa ajili ya soko, si ya pori. Ndivyo ulivyofanya ubongo. Ulimi ni soko, watoa habari wamebanana bega kwa bega. Mgongo ni pori, lina askari mmoja wa doria na baiskeli yake. Tena soko hili hufunguliwa alfajiri: mtoto angali tumboni, mimba changa, huanza kuitikia mguso wa karibu na mdomo kabla ya sehemu nyingine. Mikono ni wachuuzi wa jioni.

Nilimgusa mume wangu mgongoni kwa vijiti viwili vya meno, vimeachana upana wa vidole viwili. Akaapa ni kimoja. Kwenye ncha ya ulimi, pengo la milimita 1 hivi linatosha kuvijua ni viwili.

Jina la kazi hii ya mtoto kuchunguza vitu kwa mdomo limenisumbua. Kuonja ni ladha, kung'ata ni meno. Kumumunya ndiko hasa: kitu kinazungushwa polepole, ulimi unakipekua. Lakini wanakemia wameshaliteka, mmumunyo kwao ni chumvi iliyoyeyuka majini. Basi nasema "mpapaso wa ulimi", na mwenye bora alilete.

Mwaka 1979 Andrew Meltzoff na Richard Borton waliwapa vichanga wa mwezi mmoja chuchu bandia wamumunye bila kuiona, wengine laini, wengine yenye vinundu. Kisha wakawaonyesha maumbo yote mawili. Watoto 24 kati ya 32 walilikodolea zaidi lile walilokuwa nalo mdomoni. Ulimi umelipasha jicho habari! (Wapo waliorudia jaribio wasiyaone hayo. Tuendelee.)

Chuchu hizo mbili, bibi, unazo jikoni. Laini ni mwiko mkubwa uliooshwa vizuri. Yenye vinundu ni gunzi la hindi bichi lililochemshwa, ukishakula punje zote wewe mwenyewe. Ongeza kitambaa safi kilicholoweshwa, kikakamuliwa, kikafungwa fundo. Karanga na punje nzima ziwe mbali, na usimwache peke yake.

Sasa jaribu hili. Akiwa anamumunya gunzi, lifunike kwa kiganja asilione. Litoe, uliweke mkekani pamoja na mwiko, uangalie macho yanakimbilia wapi. Niandikie. Na habari ya kiatu pia.